Daftari la Karani: Kopo la Kunasa Oili



Juma lililopita nilipata barua ya msomaji wetu mmoja, mjumbe wa kamati ya fedha katika parokia iliyo mbali na hapa kwetu. Asema parokia yao ina pikapu ya dizeli yenye turbo, na fundi mmoja wa mjini amewashauri wafunge kopo la kunasa oili. Bei ya kopo pamoja na kazi ya kulifunga ni shilingi 250,000. Katika kamati wazee wawili wasema lifungwe upesi, gari lisije likafa. Wawili wengine wasema fundi ajitafutia fedha tu. Mwenyekiti yuko katikati. Basi ndugu huyo aniandikia: "Karani, ninyi mna lori la turbo na mmekwisha kupata taabu nalo. Tufanyeje?"

Ningeweza kumjibu kwa barua. Lakini nimeona heri nimjibu hapa, mbele yenu wote, kwa sababu mbili. Ya kwanza, magari ya namna hii yamekuwa mengi vijijini: lori la chama cha wakulima, gari la zahanati, na lile la mfanyabiashara anunuaye mahindi yetu. Mwenye gunia juu ya lori ana haja ya kujua afya ya lori, hata kama hajapata kushika usukani siku zake zote. Ya pili, mimi mwenyewe nina kosa katika habari hii, na kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Kwanza tuelewane kopo lenyewe ni kitu gani.

Injini hupumua. Ndani yake mna pistoni zinazopanda na kushuka katika silinda, na kila pistoni imevishwa ringi za chuma ili nguvu ya moto wa juu isipite kwenda chini. Lakini hakuna ringi izuiayo yote. Kila dizeli iwakapo, hewa kidogo ya moto hupenya pembeni mwa ringi na kushuka mpaka kwenye sampo, yaani bakuli la chini lenye oili. Huko huchanganyika na ukungu wa oili, masizi, na mvuke wa maji. Hewa hiyo sharti ipate mlango wa kutokea. Ikikosa mlango itajitafutia wake: itazisukuma sili na gasketi mpaka oili ivuje huku na huku.

Motokaa za zamani zilikuwa na bomba wazi tu, nalo lilimwaga pumzi hiyo chini barabarani. Ndipo katika jimbo la California, huko Marekani, ambako moshi ulikuwa umeufunika mji wa Los Angeles, motokaa mpya za mwaka 1961 zikaanza kufungwa bomba la kuirudisha pumzi hiyo ndani ya injini ikaungue huko. Tangu hapo desturi hiyo imeenea duniani, na injini za dizeli nazo zikafuata.

Sasa ongeza turbo. Chombo hiki chatokana na kazi ya Mswisi mmoja, injinia Alfred Büchi, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, juu ya mhimili mmoja. Moshi utokao katika injini huzungusha la kwanza, na la pili husukuma hewa nyingi kuingia ndani. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua vizuri, na injini ndogo hupata nguvu ya injini kubwa. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nao hulindwa na utando mwembamba wa oili, basi.

Katika magari mengi ya turbo, mpira wa pumzi hutoka juu ya injini na kuungana na njia ya hewa mbele ya turbo. Kwa hiyo ule ukungu wa oili hufyonzwa na turbo, hupita katika kipoza hewa ambacho mafundi hukiita intakula, kisha huingia katika vali. Oili kidogo haina neno. Lakini dizeli hunyunyizwa ndani ya silinda yenyewe, wala haipiti katika njia ya hewa, basi hakuna kitu cha kuiosha njia hiyo. Tena magari mengi ya siku hizi yana bomba la kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza sumu angani. Masizi ya moshi huo yakikutana na ukungu wa oili, huzaa uji mweusi mzito, nao hushika ukutani mwaka baada ya mwaka mpaka njia ya hewa ikawa nyembamba.

Kopo la kunasa oili hufungwa katikati ya safari hiyo ya pumzi. Kila mama ajua ajabu yake. Ukifunika sufuria ya maharage, mvuke hupanda, hugusa kifuniko, hupoa na kugeuka matone. Kopo nalo ni hivyo. Pumzi ya moto yaingia, yazungushwa au kupitishwa katika nyavu na chujio, ukungu wa oili washika na kudondoka chini, na hewa iliyopungua oili yaendelea na safari kwenda kwenye turbo. Chini ya kopo pana koki au skrubu ya kumwagia kilichonaswa. Hivyo tu. Si dawa ya kuongeza nguvu, wala halifufui injini iliyochoka.

Sasa nitawaambieni habari ya lori letu.

Lori hilo lilikuja kutoka Japani likiwa limekwisha tumika. Hubeba tani 3 na nusu. Mwezi wa Novemba mwaka 2022 lilipakia gunia 34 za mahindi ya watu wa jumuiya tatu. Mahindi hayo hayakuuzwa wakati wa mavuno, bei ilikuwa chini. Watu walijinyima, wakayaweka mpaka bei ipande, wapate nauli na sare za watoto wa mabweni mwezi wa Januari.

Lori liliondoka saa tisa alasiri. Katikati ya mlima mrefu nguvu zikaanza kupungua. Dereva akatazama nyuma akaona moshi wa buluu. Mara taa ya oili ikawaka. Akazima injini palepale, na kwa jambo hilo namshukuru mpaka leo. Angalipiga moyo konde afike juu, leo tusingekuwa na injini.

Usiku huo mvua za kwanza zikanyesha. Turubai letu lilikuwa na matundu. Lori jingine lilipofika, siku ya pili jioni, gunia 11 zilikuwa zimelowa, na ukitia mkono ndani wahisi joto. Mnunuzi alizikataa. Wenye gunia hizo hawakupiga kelele. Walikaa nje ya ofisi yangu wamenyamaza, nami ningependa wangepiga kelele.

Akaja fundi kijana kutoka mjini. Akafungua mpira wa turbo, akatia kidole, akakitoa kimelowa oili. Akasema, "Turbo yenu yanyweshwa oili na mpira wa pumzi. Fungeni kopo, mambo yataisha." Kwetu bei ilikuwa shilingi 260,000. Kamati ikaketi, nami nilikuwa nimekwisha shika kalamu niandike hati ya malipo, ndipo mwenyekiti aliposema, "Mwanangu, hebu ngoja. Mwite kwanza yule mzee wa gereji ya stendi."

Mzee akaja kwa baiskeli. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Niletee daftari la gari." Nilidhani ataanza na spana. Yeye alianza na daftari.

Ndugu wasomaji, daftari hilo ni mimi ninayeliandika. Kitabu cha lori letu chasema oili ibadilishwe kila kilomita 10,000, na kwa njia za vumbi na mizigo mizito, kila kilomita 5,000. Mzee alisoma tarehe ya mwisho, akatazama mita ya gari, akapiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la boneti. Kilomita 13,000. Akaniuliza, "Mwalimu, ni nini hiki?"

Nilikuwa nimeahirisha mara mbili. Mara ya kwanza tulihitaji mabati ya nyumba ya katekista. Mara ya pili hapakuwa na haja yoyote. Mkutano wa mwaka ulikuwa karibu, nami nilitaka hesabu ya lori ionekane nzuri. Ilionekana nzuri kweli. Nilisifiwa mbele ya watu wote.

Mzee hakusema neno. Akawasha injini, kwani dereva alikuwa ameongeza oili, akaiacha ingurume polepole. Akafungua kifuniko cha kutilia oili, akakigeuza juu chini, akakiweka huru juu ya tundu lake. Kikarushwa mara moja, moshi ukafuata. Wajumbe wakarudi nyuma. Fundi kijana akasema, "Ringi zimekwisha." Mzee akasema, "Labda. Tutaona." Akauchomoa mpira wa pumzi, akakirudisha kifuniko juu ya tundu. Safari hii kikatetemeka kidogo tu kama kifuniko cha sufuria ya chai, kikakaa.

Basi ringi hazikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa kwenye mpira. Mzee aliupasua kwa kisu. Ulikuwa umelainika kwa joto na oili, umebonyea mahali unapopinda, na ndani umejaa uji mweusi wa oili iliyochakaa. Kisha akanionyesha maandishi ubavuni mwake. Ulikuwa mpira wa kumwagilia bustani. Mpira wa asili ulipopasuka, mimi ndiye niliyeununua huo dukani kwa shilingi 3,000, nikaandika katika daftari: "mpira, umepatikana kwa bei nafuu."

Pengine mwauliza mpira wa pumzi wahusiana nini na turbo kutapika oili. Mzee alitueleza hivi. Oili huenda kwenye turbo kwa kusukumwa na pampu, lakini hurudi kwenye sampo kwa kuteremka yenyewe, kwa uzito wake. Mtu auzaye mafuta ya taa alijua jambo hili zamani: ukitia faneli iliyobana kwenye mdomo wa chupa, mafuta yakataa kushuka, maana hewa iliyomo haina pa kutokea. Sharti uinue faneli kidogo. Sampo letu lilikuwa chupa iliyobanwa. Pumzi haikutoka, oili ya turbo haikuteremka, ikapenya pembeni mwa mhimili, nusu ikaingia katika njia ya hewa na nusu katika moshi. Ndiyo ule moshi wa buluu. Ndiyo taa ya oili mlimani.

Mzee alijaribu mhimili wa turbo kwa vidole. Ulicheza kidogo tu, na mapanga hayakugusa ukuta. Turbo ilikuwa nzima. Tulinunua mpira wa kuhimili oili na joto kwa shilingi 35,000. Oili lita 10 pamoja na filta ya oili na ya hewa, shilingi 190,000. Ujira wa mzee 20,000. Jumla 245,000, pungufu ya bei ya kopo. Tangu hapo oili yabadilishwa kwa wakati wake, na kijiti cha kupimia hakionyeshi upungufu wa kutisha kati ya badiliko moja na jingine.

Wala sisemi kwamba fundi kijana alikuwa mdanganyifu. Aliona oili mahali pasipotakiwa, akafikiri njia ya kuizuia. Tena labda mipira mipya ya kopo ingeondoa taabu yetu kwa muda, nasi tungelisifu kopo kwa kazi iliyofanywa na mpira. Lakini oili ya kilomita 13,000 ingebaki tumboni, filta ya hewa ingebaki imejaa vumbi, na kopo lenyewe lingejaa uji ule mweusi. Karani asiyekumbuka kubadilisha oili, je, angekumbuka kumwaga kopo? Kopo lililoziba ni sawasawa na mpira uliobonyea.

Basi kabla ya kulipa fedha za kopo, fanyeni mambo haya.

Kwanza, someni daftari la gari. Kama halipo, lianzisheni leo: tarehe, kilomita, oili iliyotiwa, filta iliyobadilishwa. Pimeni oili kila juma, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, mwandike. Injini ikianza kunywa oili, daftari litawaambia kabla ya moshi.

Pili, tazameni moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito mara nyingi ni hewa haba au dizeli imezidi, basi anzeni na filta ya hewa. Mweupe usiokoma injini ikiwa imepata moto waweza kuwa maji yanaingia, au dizeli isiyoungua.

Tatu, fungueni mpira wa turbo. Utando wa oili ndani yake ni kawaida kwa injini nyingi, msiogope. Mkikuta oili imetuama kama maji kwenye kata, iko sababu, nayo itafutwe: pumzi imezibwa, ringi zimechoka, turbo imelegea, oili imetiwa kupita alama, au filta ya hewa imeziba hata turbo inafyonza kwa nguvu mno.

Nne, jaribu la kifuniko. Si kipimo cha hospitali, maana injini hazifanani, lakini lafaa. Kikitetemeka, vema. Kikirushwa, msifunge kopo lolote mpaka mjue kwa nini.

Jambo hili la turbo kutapika oili si la mchezo. Dizeli huwaka bila cheche, kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo oili ikiingia kwa wingi katika njia ya hewa, injini yaweza kuila kama dizeli na kukimbia yenyewe, ikipiga kelele na kupandisha mwendo, hata ukizima ufunguo. Likitokea hilo na gari limesimama, dereva wa gari la gia za mkono na atie gia kubwa, akanyage breki kwa nguvu zote, kisha aachie klachi ili injini izimike. Watu wengine wakae mbali. Mtu asiweke mkono wake penye mdomo wa hewa.

Sasa tuseme gari lenu limepita majaribio yote. Kopo lina faida? Ndiyo, linayo. Litapunguza oili iingiayo katika intakula na mipira, nayo mipira ya hewa itadumu zaidi. Kama gari lina lile bomba la kurudisha moshi, litapunguza ule uji mweusi, ingawa masizi yenyewe hayatakwisha. Tena litakuwa kipimo: mkimwaga kikombe kidogo kila mara, na mara moja mkute kimekuwa vikombe vitatu, mtajua injini imeanza kuugua. Huko Australia wenye pikapu za dizeli wengi hufunga makopo ya namna hii, na viwanda vikubwa vya filta huyatengeneza.

Lakini liwe kopo la kweli. Yako makopo yanayong'aa sana, ukiyafungua ndani ni matupu, hayana nyavu wala chujio. Hayo ni mapambo. Kopo jema lina chujio ndani, na baadhi yana vali ya usalama inayofunguka chujio likiziba, ili pumzi isikose njia. Hilo ndilo la kutafuta.

Matundu yake na mipira yake yasiwe membamba kuliko mpira wa asili. Mpira uwe wa kuhimili oili na joto, ukazwe kwa klipu, usipinde hata ukabonyea, wala usiwe na bonde ambamo maji yatatuama. Kopo lifungwe mahali penye upepo, mbali na ekzosi na turbo yenyewe, maana oili ikidondokea chuma cha moto yaweza kuwasha moto. Mpira wa pili urudi kwenye njia ya hewa kama ilivyokuwa. Msiuache wazi chini ya gari, ukaturudisha kwenye desturi za kabla ya 1961. Katika nchi nyingi hilo limekatazwa.

Limwageni kila mbadilishapo oili, na mwanzoni hata kabla ya hapo, mpaka mjue linajaa kwa kasi gani. Wakati wa baridi mtakuta maji mengi yamechanganyika kama maziwa. Mara nyingi huo ni mvuke uliopoa tu, lakini oili ya kwenye kijiti ikiwa nayo kama maziwa, mwiteni fundi. Kilichonaswa kisirudishwe katika injini, kina maji na masizi na asidi. Wala kisimwagwe penye kisima au mto. Kitieni katika dumu pamoja na oili chakavu, mlipeleke gereji inayopokea.

Na nyinyi wenye mashine za kusaga za dizeli, hata kama hazina turbo, pumzi yake ni ile ile. Nimeona mashine moja tundu lake la pumzi limezibwa kwa kitambaa ili lisichafue ukuta. Kitoeni kitambaa hicho leo.

Sasa, ndugu uliyeniandikia, jibu langu ni hili. Ulizeni kwanza kama pikapu ina dhamana ya muuzaji ambayo haijaisha. Ikiwa nayo, msikate mpira wowote kabla ya kupata ruhusa yake kwa maandishi. Kisha fanyeni majaribio manne. Pikapu ikiyapita, na ikiwa ina bomba la kurudisha moshi, na daftari laonyesha oili haikukosa zamu yake, na yupo mtu mmoja mliyemtaja kwa jina atakayelifungua kopo na kuandika alichokuta, fungeni. Hamtapoteza fedha zenu. Likikosekana moja tu katika hayo, wekeni zile 250,000 katika bahasha, muandike juu yake: oili na filta. Wale wazee wawili wanaomwogopa fundi wana haki ya kuuliza. Wale wawili wanaoogopa gari kufa wana haki pia. Mpeni kila mmoja zamu ya kushika kile kifuniko.

Sisi hatukufunga kopo. Lori letu ni la zamani, halina bomba la kurudisha moshi, na injini yake yapumua polepole. Kwetu oili safi inatosha. Siku daftari litakaposema vingine, tutaketi tena.

Daftari lenyewe sasa halikai katika kabati langu. Limefungwa kwa kamba nyuma ya mlango wa ofisi, na mtu yeyote mwenye mzigo juu ya lori aweza kulisoma. Wako mama wawili wanaolisoma kila Jumamosi wakitoka sokoni. Mmoja ni kati ya wale waliolowa mahindi. Mwezi jana aliniambia, "Mwalimu, bado kilomita 400." Nikamjibu, "Nimeona, Mama. Oili imekwisha nunuliwa." Akaingia ndani akatazama dumu kwa macho yake, ndipo akaenda zake.

Zile gunia 11, kamati iliamua zilipwe kutoka mapato ya lori, na sehemu moja ikatwe katika mshahara wangu. Nilipiga kura ya ndiyo. Mpaka leo zimelipwa saba. Zimebaki nne.

Wenu,
Karani